Nafasi ya Watu Watatu

Jumapili, 1 Juni 1997

Daftari hili nilipewa kazini Desemba. Lina nembo ya kiwanda cha saruji, na mpaka leo lilikuwa na namba mbili za simu tu na hesabu ya ngazi. Naanza kuliandika kwa sababu Avelina amepiga simu kutoka Mbeya tulipotoka kanisani, na tarehe imepatikana. Dinah anaondoka Jumamosi, tarehe 30 Agosti. Zimebaki siku tisini.

Nijieleze kidogo, maana nikija kulisoma uzeeni nitakuwa nimeshasahau nusu yake. Dinah ni mtoto wa kaka yangu Naftali, aliyetangulia kuja ughaibuni kusoma St. Paul na akafia hukuhuku mwaka 1993, barabarani, kwenye barafu. Avelina, mjane wake, alirudi nyumbani na jeneza. Mtoto alikuwa na miaka sita, ameshaanza shule, tukasema abaki kwetu mpaka mambo yatulie. Mambo yamechukua miaka minne kutulia. Sasa Avelina anafundisha, ana nyumba yake, anamtaka mwanawe, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumlaumu. Mimi najaribu kutomlaumu tangu saa saba mchana. Mimi na mke wangu Tulia hatukujaliwa mtoto mwingine.

Mezani Dinah hakuuliza habari za ndege wala za Mbeya. Aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama Kingfisher itafunguliwa kabla hajaondoka. Nikamwambia itafunguliwa. Sijui nilikuwa namwambia kwa mamlaka ya nani.

Kingfisher ni bustani ya michezo kando ya mto, upande wa Shakopee. Ina pembea, mabembea ya kuzunguka, na kigari cha reli kinachopanda kilima cha mbao kisha kinaporomoka na watu wakipiga mayowe. Kinaitwa Muskie, jina la samaki mkali wa maziwa ya huku. Mlangoni kwake amesimamishwa samaki wa ubao mwenye pezi lililonyooshwa, na mtoto ambaye kichwa chake hakifiki kwenye pezi haruhusiwi kupanda. Agosti iliyopita Tulia alimsuka Dinah nywele zote zikakusanyika utosini ili azidi. Mhudumu akalikandamiza lile fundo kwa kiganja, mtoto akapungua inchi mbili. Alilia mpaka tukavuka daraja. Nikamwambia mwakani tutapanda mimi na yeye, kiti cha mbele kabisa, na Septemba nikachukua kadi za mwaka, tatu, zenye picha zetu. Aprili mto ukafurika ukaingia bustanini, na tangu hapo pamefungwa.

Jumanne, 3 Juni

Joto. Mbu. Kazini mchoro wa ngazi za dharura umerudishwa kwa mara ya tatu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempima Dinah kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa rula ya chuma ya ofisini, si kwa utepe wa Tulia wa kushonea, ambao umevutika. Visigino vimegusa ubao, kidevu sawa, nywele zimelala. Inchi hamsini na nne na robo. Samaki anataka hamsini na nne. Nikampima tena, kwa sababu robo inchi mtu anaweza kujidanganya nayo, ikatoka robo ileile. Akashuka ngazi mbio kwenda kuwatangazia watoto wa Jairus.

Jairus ni jirani wetu wa chini, Mkenya. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, ana mke, Kemunto, watoto wanne na sauti ya kutosha jengo zima. Nao wana kadi za mwaka. Yeye ndiye aliyeanza kuchukua, na hajaacha kunikumbusha. Alipanda juu kunipa mkono. "Sasa ni wewe tutaona kama uta-survive hiyo Muskie, buda," akaniambia. Anajua naogopa mahali pa juu. Nikacheka kwa adabu tu.

Tulia ameshatoa sanduku kubwa na kuliweka sebuleni. Juni bado haijafika nusu.

Jumanne, 24 Juni

Barua kutoka Kingfisher. Itafunguliwa tarehe 12 Julai, upande mmoja tu, kwa sababu upande wa mtoni bado ni tope na mitambo inakaguliwa. Wataingia watu wachache kila siku. Sisi wenye kadi za mwaka tuweke nafasi kwa simu: namba moja, Jumatatu kuanzia saa tatu asubuhi, kwa Jumamosi na Jumapili za wiki hiyo tu. Zikijaa zimejaa. Bila nafasi, kadi haifungui geti. Wanatushukuru kwa uvumilivu wetu mara tatu katika ukurasa mmoja.

Nimehesabu Jumatatu ambazo wikendi yake inaangukia kabla ya safari ya Dinah. Ni saba.

Jumatatu, 7 Julai

Nimefika kazini Eden Prairie mapema, nikafunga mlango, nikaweka simu mbele yangu. Saa tatu kamili nikapiga. Inatumika. Nikakata, nikapiga, inatumika. Nilipiga mara arobaini na moja. Kufikia ishirini nilikuwa siiangalii tena namba, kidole kinajiendea chenyewe. Bosi wangu alifungua mlango mara mbili, akaniona na mkono wa simu sikioni, akarudi zake, nadhani akiamini naongea na mkandarasi. Saa nne kasorobo iliita. Sauti ya kanda ikasema nafasi zote za wiki hii zimechukuliwa na nijaribu tena Jumatatu ijayo.

Dinah alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje nilipofika nyumbani. Nilitikisa kichwa kabla sijashuka kwenye gari. Akasema si neno, wiki ijayo.

Jairus kapata. Watu sita, Jumamosi. Anasema simu yake ina kitufe cha kurudia namba na kwamba siri iko kwenye kitufe.

Jumamosi, 12 Julai

Familia ya Jairus imeondoka asubuhi na kofia sita zinazofanana. Nimempeleka Dinah maktaba.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba ruhusa ya asubuhi nzima, nikapiga nikiwa nyumbani kwa simu ya Jairus yenye kitufe. Yeye mwenyewe alinipandishia, akaichomeka ukutani. Saa tatu na dakika kumi na mbili ilipokelewa, kanda ikaniomba nisubiri mhudumu, ukaanza muziki wa zumari. Dinah alikaa karibu yangu sakafuni, akiisikia ile zumari ikivuja. Tulisubiri dakika hamsini na tatu. Muziki ukanyamaza, nikasema "Halo," na simu ikakatika.

Dinah akaniletea maji.

Alhamisi, 17 Julai

Dinah ameanza kujifunza Kiswahili kwa daftari. Kusikia anasikia chote. Kukijibu ndiko hakutaki, miaka yote. Sasa anaandika sentensi za kumwambia "Mama wa Mbeya", kama anavyomwita Avelina, kutofautisha na Tulia ambaye ni Mama bila nyongeza. Leo kaniuliza "shikamoo" inajibiwaje kama anayekusalimu ni bibi yako. Nikamweleza kwamba bibi hamsalimii yeye, yeye ndiye anamsalimia bibi. Akaandika. Nilijisikia vibaya jioni nzima, kwa kuwa nilikuwa na miaka minne ya kumfundisha jambo hilo.

Jumatatu, 21 Julai

Kikao na wateja saa tatu. Nilimwomba Tulia apige yeye kutoka maabara ya hospitali anakofanya kazi. Jioni nikamuuliza. "Sikupata," akasema, na akaendelea kukunja nguo za mtoto na kuzipanga sandukuni. Hakusema alipiga mara ngapi, hakusema pole. Sikupata, basi.

Nitaandika ninavyoona, kwa kuwa daftari ni langu. Mwanamke huyu hana haraka na chochote ila sanduku. Sweta tatu, madaftari, viatu vya kanisani, vyote vimeshaingia. Anayemfahamu kwa mbali atadhani anamsindikiza mgeni. Mimi nahangaika na simu kama mwendawazimu, na yeye ananyoosha kola.

Jumatatu, 28 Julai

Mara themanini na sita. Inatumika. Saa nne na nusu nikaacha.

Jumamosi, 2 Agosti

Radi na mvua ya kupiga madirisha tangu asubuhi. Redio inasema mto umepanda tena kidogo na Kingfisher haikufungua leo. Nilifurahi, lazima nikiri. Nilifurahi kwamba leo hakuna aliyepata.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilipokelewa na mtu. Mtu kabisa, mwanamke, anapumua. Akaniambia imebaki nafasi moja, ya mtu mmoja, Jumapili. Nikamuuliza mtu mmoja atafanya nini peke yake, mtoto wa miaka kumi. Akasema mtoto haruhusiwi bila mkubwa. Nikamwambia basi hiyo si nafasi. Akasema anaelewa. Wote wanaelewa, huko kwao hakuna asiyeelewa.

Nilimweleza Dinah na akacheka. Akasema niende mimi, nikapande Muskie, nirudi kumsimulia.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikupata. Jairus kapata, mara ya tatu msimu huu, nikajifungia bafuni ili nisimsikie akitangaza.

Lakini jioni aligonga mlango. Alikuwa peke yake, hana kofia wala makelele. "Geofrey, chukua hii Saturday yangu," akasema. "Sisi tumeenda enough. Nimeongea na Kemunto, hata watoto nimewaambia. Huyo msichana akienda bila kuona hiyo kitu, mimi sitaskia poa."

Nikamkaribisha, nikampa kiti. Akapiga simu mwenyewe, mbele yetu, kuomba wabadilishe jina. Alisubiri na ile zumari dakika arobaini. Wakamwambia nafasi haihamishwi, imefungwa na picha za kwenye kadi. Akaweka simu chini taratibu. Nikaona haya kwa yote niliyoyaandika juu ya kofia zake.

Jumatano, 13 Agosti

Sanduku limejaa. Tulia amelifungua na kutoa vyote, ameanza upya.

Jumatatu, 18 Agosti

Ya saba na ya mwisho. Nilipata.

Mara ya sitini na saba, saa tatu na dakika thelathini na nane. Mwanamke yuleyule, nadhani, au wamefundishwa sauti moja. Akasema Jumamosi, tarehe 23, zipo. Nilisimama. Nikasema jina: Mwakalinga, watu watatu, mimi, mke wangu na binti yetu. Akaandika. Halafu nikasikia vidole vyake vinasita. Kompyuta inamwonyesha akina Mwakalinga wawili, akasema. Kadi ya tatu ni ya Dinah Naftali. Nikamwambia ndiyo, huyo ndiye binti yetu.

Kwetu mtoto hubeba jina la baba yake mzazi. Naftali aliandika hivyo hospitalini St. Paul, akijua anarudi nyumbani na kwamba nyumbani hakuna atakayeuliza. Na mimi Septemba, nilipojaza fomu ya kadi za familia, mahali pa uhusiano niliandika "binti". Sikufikiri mara mbili. Ningeandika nini? Mimi ni mdogo wake Naftali, kwa hiyo mimi ni baba, baba mdogo. Ndugu walikaa nyumbani Tukuyu siku tatu baada ya mazishi, wakasema hivyo mbele ya watu wote, hakuna aliyetoa karatasi.

Mwanamke akasema hakuna tatizo, ila tangu wafungue upya watu wamekuwa wakiazimana kadi, kwa hiyo ambaye jina halilingani aje na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi. Nikasema asante sana. Niliweka simu chini, nikashangilia, na nadhani zilipita dakika mbili nzima kabla sijaelewa nilichokubali.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepiga kuwaeleza. Inatumika.

Jumatano, 20 Agosti

Inatumika.

Alhamisi, 21 Agosti

Tulia anasema niwaambie ukweli getini. Nikamuuliza ukweli upi. "Kwamba ni mtoto wa kaka yako." Nikamwambia huo ni ukweli wao, wa kwangu ni kwamba ni mwanangu. Akasema, "Baba Dinah, wote wawili ni kweli. Shida yako unataka geti zima likubali wa kwako." Nikanuna. Nikamwambia yeye hakuhangaika na nafasi hii hata siku moja, asinifundishe namna ya kuitumia.

Alienda kwenye mkoba wake, akaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa onyo la maandishi kutoka kwa msimamizi wake wa maabara. Ameonekana akitumia simu ya kazi kwa shughuli binafsi, kuanzia saa tatu hadi saa nne na zaidi, tarehe 7 Julai, 14 Julai, 21 Julai, 28 Julai, 4 Agosti, 11 Agosti. Akirudia, atasimamishwa.

"Na Jumatatu hii?" nikamuuliza.

"Jumatatu hii nilipiga kwa simu ya sarafu, chini kwenye korido."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia nini, kwamba na yeye ameshindwa? Kisha akasema anapanga sanduku kwa sababu mikono ikikaa bure anaanza kulia, na akilia Dinah ataona. Ndiyo maana analipanga na kulipangua. Nikarudi nyuma kwenye daftari nikasoma nilichoandika tarehe 21 Julai. Nilitaka kukifuta, halafu nimekiacha nikione.

Ijumaa, 22 Agosti

Cheti nimekiweka kwenye bahasha. Baba: Naftali. Mama: Avelina. Hakuna mstari wa tatu.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika Jumapili asubuhi, jana sikuweza.

Tulitoka saa mbili. Dinah alivaa fulana ya njano, nywele kazilaza mwenyewe kwa maji, kichwa chote, asije mtu akasema ni fundo. Jairus na Kemunto walitupungia kutoka dirishani. Njiani Tulia alikuwa anaimba. Ukifika Kingfisher unaona mstari wa tope kavu kwenye kuta, usawa wa kifua changu, mahali maji yalipofika Aprili. Wamepaka rangi juu ya mstari na chini yake, mstari wenyewe bado unaonekana.

Foleni getini ilikuwa fupi. Kwenye dirisha alikaa mzee wa Kizungu, mvi tupu, mpole, aliyemwambia Dinah fulana yake inapendeza. Alichukua kadi tatu, akachukua cheti. Akakisoma, akaniangalia, akarudi kwenye cheti.

"Geofrey ni wewe?"

"Ni mimi."

"Baba hapa ni Naftali."

"Naftali ni kaka yangu. Ni marehemu."

"Pole sana," akasema, na aliimaanisha. "Basi wewe ni mjomba."

Nikasema hapana. Mjomba kwetu ni kaka wa mama, ni mtu mwingine kabisa. Nikamwambia mimi ni baba. Nikamweleza habari ya mdogo na mkubwa, na kikao cha Tukuyu, na kwamba nimempeleka shule huyu mtoto asubuhi elfu moja. Nilisikia sauti yangu inapanda, na nyuma yetu watu wanaanza kuguna. Yule mzee alisikiliza yote. Kisha akauliza kama nina karatasi ya mahakama. Sina. Akafikiri kwa huruma kabisa, akafungua droo, akatoa fomu.

Alisema asingependa kumrudisha mtoto nyumbani siku kama ya leo. Iko njia. Kadi ya Dinah ilitolewa kwa mpango wa familia, kwa hiyo itabaki hapo dirishani kwake, lakini anaweza kumwingiza mtoto kama mgeni wetu, nafasi za wageni zipo. Nitie sahihi tu hapa. Nikasoma. Ilikuwa sentensi moja, kwa herufi nene: kwamba aliyetajwa hapo juu si mwanafamilia wangu.

Dinah alikuwa amesimama ubavuni pangu, kidevu chake usawa wa dirisha. Kiingereza anakisoma upesi kuliko mimi.

Nilishika kalamu, nikaiweka, nikaishika tena. Nilimwambia mzee nitarudi na karatasi, nikijua sina pa kuipata na hakuna Jumamosi nyingine. Tulia aliniwekea mkono mgongoni. Nilitaka kurudi kwenye gari. Nilitaka mtu mwingine aamue, bosi, mchungaji, Jairus, mtu yeyote.

Ndipo Dinah akasema, kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesoma kwenye lile daftari lake: "Baba, tia sahihi tu. Mimi najua."

Nikatia sahihi. Ilitoka imepinda, hata benki wasingeikubali. Mzee akaitia kadi ya Dinah kwenye bahasha na picha yake ya meno mawili yaliyopungua, akafunga droo. Sisi akatuvisha tepe za kijani mkononi, Dinah akamvisha ya rangi ya chungwa. Akatutakia siku njema.

Tulienda moja kwa moja kwa Muskie. Foleni ya saa moja na nusu juani, na Dinah akaongea muda wote, sasa kwa Kiingereza, mwendo kasi, habari za kiti cha mbele. Tulipofika kwa samaki wa ubao alisimama mwenyewe, visigino pamoja, kidevu sawa. Kichwa chake kililifikia pezi na kulizidi kidogo. Msichana mhudumu akasema safi kabisa. Halafu akaangalia mkono wa Dinah.

Chungwa haipandi Muskie. Kigari kinachofanya kazi ni kimoja, mpaka vingine vikaguliwe, kwa hiyo ni kwa wenye kadi tu. Imeandikwa kwenye bango, akasema, na ilikuwa imeandikwa kweli, nyuma ya mgongo wangu. Nikamwambia kadi anayo, iko kwenye droo getini, ameichukua mzee. Msichana akasema anaelewa. Nikamwambia tumetoka kuinyang'anywa sasa hivi, hata saa mbili hazijapita. Akasema anasikitika sana, na watu nyuma wanasubiri.

Nilikwisha. Sina neno lingine. Nilikuwa nimelikana jina la mtoto mbele yake ili apande, na kulikana kwenyewe ndiko kulikomzuia.

Nikageuka tuondoke. Dinah hakugeuka. "Nenda wewe, Baba," akasema. Nikamwambia siwezi. Akasema ninaweza, tepe yangu ni ya kijani. Akasema tumesubiri tangu mwaka jana na lazima mtu wa kwetu apande. Hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya.

Nikapanda. Kiti cha mbele kabisa, karibu na Mzungu mnene aliyenukia mafuta ya jua, ambaye jina lake silijui na ambaye nilimshika mkono bila kumuomba. Kigari kilipanda kikigonga jino moja moja la mnyororo. Juu kabisa kilisimama kidogo. Niliuona mto, wa kahawia, umetulia, na magari ya watu, na chini kule karibu na samaki fulana ya njano, na Tulia nyuma yake amemshika mabega. Dinah alikuwa ameinua mikono yote miwili, kama wanavyoinua waliomo ndani. Aliiweka hivyo juu mpaka tukaanza kuporomoka, na baada ya hapo sikuona kitu.

Nikashuka. Akanikimbilia. "Ikoje?" akauliza, kwa Kiswahili.

Nikamwambia inatisha, na kwamba angeipenda. Tukala viazi vya kukaanga, akapanda farasi wa kuzunguka pamoja na watoto wadogo, tukarudi nyumbani saa tisa.

Jumatatu, 25 Agosti

Sikupiga.

Jumatano, 27 Agosti

Jairus kasikia yote kutoka kwa Dinah. Alikuja akakaa jikoni nusu saa, akanywa chai, akaongea habari za wazee wake kazini. Alipoondoka akanishika bega tu.

Jumamosi, 30 Agosti

Uwanja wa ndege. Anapitia Amsterdam, amevalishwa kibahasha shingoni kwa kuwa anasafiri peke yake. Kulikuwa na fomu ya anayemkabidhi mtoto, na mahali pa uhusiano. Niliandika "baba". Binti wa kaunta hakuangalia majina, akagonga mhuri. Nilikuwa na cheti mfukoni na hakuna aliyekihitaji.

Dinah alitupigia magoti kidogo, wote wawili, kama daftari lake linavyosema, nikamwinua. Tulia alimfunga kola. Alipofika kwenye mlango wa ndege aliinua mikono yote miwili.

Jumapili, 31 Agosti

Avelina amepiga. Mtoto amefika Dar, amelala. Aliniambia asante, shemeji, mpaka akashindwa kuendelea, na mimi nikamwambia asante wewe.

Jumatatu, 1 Septemba

Sikukuu, hakuna kazi. Asubuhi Tulia alifuta jikoni yote na kuruka fremu ya mlango yenye alama za rula. Nilikunywa chai. Saa tatu nilijikuta niko kwenye simu, kidole kinajiendea, namba imeshapigwa. Nilitegemea kusikia inatumika ili nikate.

Ikaita mara moja, ikapokelewa. Mwanamke yuleyule. Akasema bahati yangu, shule zinafunguliwa, Jumamosi hii nafasi zipo tele. Akauliza jina, nikamtajia. Akauliza katika familia tutakuja wangapi.

Tulia alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kitambaa mkononi, ananisikiliza.

Nikasema watatu.